Bangi, Diamba na Udongo wa Lupango: Sura Moja ya Historia ya Kolwezi

Mmea mmoja una majina mawili katika Kiswahili cha Kolwezi na miji mingine ya ukanda wa shaba wa Lualaba. La kwanza ni bangi, ambalo msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa hahitaji kuelezwa. La pili ni diamba, ambalo wengine hulitamka riamba au liamba, nalo halikutoka pwani yetu bali upande wa machweo, katika lugha za Kasai na Angola. Mtu aweza kuyachukulia majina haya kama visawe tu na kupita zake. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kila jina lina njia lililopitia, kwamba njia hizo zilikutana katika nchi ya Lualaba, na kwamba mahali zilipokutania hasa ni uani mwa nyumba, yaani katika kile ambacho wenyeji wa Katanga hukiita lupango: kiwanja kilichozungushiwa ua, chenye nyumba, jiko, jaa la takataka na mistari michache ya mboga.

Historia ya bangi barani Afrika imeandikwa zaidi na watu wa aina mbili. Wako waliofuata moshi, yaani wasafiri na wamisionari walioshangazwa na viko vya mibuyu, na wako waliofuata sheria. Wote wawili wanaukuta mmea ukiwa umekwisha kuvunwa. Ni wachache waliouliza uliota wapi, katika udongo gani, na nani aliyeurutubisha udongo huo. Kwa mwanahistoria wa Kolwezi swali hili si la pembeni, kwa sababu hapo udongo ndio uliouleta mji, na ndio unaowadhuru leo baadhi ya wakazi wake.

Tuanze na jina la mashariki. Bangi ni neno la Kihindi, bhang, lenye mizizi katika Kisanskriti, lililopitia Kiajemi na Kiarabu na kuzunguka Bahari ya Hindi pamoja na mashua. Mmea wenyewe ulitangulia sana kufika barani. Katika pango moja la Lalibela, karibu na Ziwa Tana nchini Uhabeshi, wanaakiolojia walipata viko vya karne ya 14 vyenye mabaki yake. Mtawa Mreno João dos Santos, aliyeishi Sofala na Zambezi mwishoni mwa karne ya 16, aliuandika kwa jina la bangue katika kitabu chake cha mwaka 1609. Kutoka hapo jina liliingia bara katika sura nyingi, mathalani mbanje ya Washona. Katika karne ya 19 misafara ya Waswahili na Wanyamwezi ililifikisha Tanganyika, Manyema na mto Lualaba wenyewe, ambako Nyangwe ilikuwa kituo chao kikuu. Msafara haukuhitaji mzigo mkubwa wa mmea huu. Mbegu ni ndogo, hukaa ndani ya kifuko cha nguo, na pale msafara ulipotua msimu mzima ziliweza kupandwa na kuvunwa kabla ya safari kuendelea.

Jina la magharibi lina habari nzito zaidi, nami nitakaa nalo kidogo. Diamba na liamba ni maneno yaliyoenea Angola, na watumwa waliovushwa Atlantiki waliyapeleka hadi Brazili, ambako yamedumu mpaka sasa. Upande wa bara yalifika Kasai. Hapo, katika nchi ya Walulua, ambao wasafiri wa wakati huo waliwaita Bashilange, palizuka katika nusu ya pili ya karne ya 19 jumuiya iliyojiita Bena Riamba, yaani watu wa bangi. Mwaka 1881 Wajerumani Paul Pogge na Hermann Wissmann walifika kwa mkuu wao, Kalamba Mukenge. Waliyoyaeleza yanastaajabisha. Nchi iliitwa Lubuku, maana yake urafiki. Silaha na vitu vya uganga wa zamani vilitupwa, na pombe ya mchikichi ilikatazwa. Salamu yao ilikuwa moyo, neno ambalo katika Kiluba cha Kasai lina maana ya uhai. Mtu aliyekosa aliadhibiwa kwa kuvutishwa riamba hadi akapoteza fahamu. Kuvuta kwa pamoja lilikuwa tendo la kuapa amani, na kwa ajili hiyo jamii nzima ilijipa jina la mmea.

Johannes Fabian, ambaye wasomaji wa jarida la Kiswahili wanamfahamu kwa kitabu chake cha 1986 kuhusu Kiswahili cha Katanga na mamlaka ya kikoloni, alirejea kwenye habari za Lubuku katika kazi yake ya mwaka 2000 juu ya wavumbuzi wa Afrika ya kati. Ametufundisha kuzisoma habari hizo kwa tahadhari, maana waliozileta walikuwa wageni wenye homa, wenye haja ya wapagazi, na wenye kutafuta washirika wa kisiasa. Nakubaliana naye, ila naongeza jambo moja. Jamii inayojiita kwa jina la mmea haiwezi kuutegemea mmea huo kutoka kwa wachuuzi peke yao. Ni lazima iwe inaulima, kwa wingi na karibu. Lubuku, kabla ya kuwa nchi ya wavutaji, ilikuwa nchi ya wakulima wa riamba.

Wissmann huyu, kwa wale wanaoijua historia ya pwani, ndiye yule yule aliyetumwa miaka michache baadaye kuvunja upinzani wa Waswahili na Waarabu dhidi ya Wajerumani, na ndiye aliyeamuru kunyongwa kwa Bushiri bin Salim kule Pangani, Desemba 1889. Mtu aliyeisifu nchi iliyotupa silaha zake alikuja kwetu na bunduki. Nayataja haya si kwa ajili ya kejeli tu. Yanatukumbusha kwamba Kasai na Pangani, ambazo vitabu vya shule huziweka katika sura mbalimbali, zilikuwa ndani ya safari ya mtu mmoja: kutoka kwa Kalamba alikwenda Nyangwe, kisha Tabora, na mwaka 1882 akatokea Saadani.

Baina ya njia hizo mbili palikuwa na Bunkeya. Mji huu, ambao leo uko katika jimbo la Lualaba, ulikuwa makao makuu ya Msiri, mtu wa asili ya Unyamwezi aliyeingia Katanga katikati ya karne ya 19 na kuwaunganisha Wayeke, Wasanga na wengine chini ya utawala wake. Wasanga, wenye nchi ya Kolwezi, ndio waliokuwa mafundi wa kuyeyusha shaba. Msiri alikuwa na milango miwili. Wa mashariki ulielekea Bagamoyo na Zanzibar, wa magharibi ulielekea Bihe na Benguela kwa wafanyabiashara wa Ovimbundu. Mmisionari Frederick Stanley Arnot aliingia mwaka 1886 kwa mlango wa magharibi. Kapteni Stairs, ambaye msafara wake ulimwua Msiri tarehe 20 Desemba 1891, aliingia kwa ule wa mashariki akiwa na wapagazi wa Zanzibar. Shaba, pembe, chumvi, baruti na watumwa vilipita humo. Sioni sababu ya kudhani kwamba mbegu hazikupita. Mji uliopokea mahindi na mihogo kutoka baharini mbili ungeweza kupokea mmea mmoja kwa majina mawili, na nadhani ndivyo ilivyokuwa.

Kolwezi yenyewe ni mji wa juzi. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, lakini mji ulianzishwa mwaka 1937 kuwa kitovu cha migodi ya magharibi. Reli ndiyo iliyokusanya watu. Njia ya Bukama hadi Ilebo, ambayo wakati huo iliitwa Port-Francqui, ilifunguliwa mwaka 1928 na kuifungua Kasai kwa waajiri wa Katanga. Njia ya Tenke hadi Dilolo, inayopita Kolwezi, iliunganishwa na reli ya Benguela mwaka 1931. Kwa hiyo majina yaliyokuwa yametembea kwa miguu sasa yalipanda treni. Wafanyakazi kutoka Kasai walileta diamba, na Kiswahili, ambacho kampuni ilikifanya lugha ya kazi, kilileta bangi. Katika makambi ya Union Minière, ambako tangu mwishoni mwa miaka ya 1920 sera ilikuwa kumweka mfanyakazi pamoja na mkewe na watoto, majina hayo yaliishi nyumba kwa nyumba.

Kambi ilikuwa mahali pa kuhesabiwa. Unga ulihesabiwa, kuni zilihesabiwa, hata uzito wa watoto ulipimwa. Bustani ya nyuma ya nyumba ilipendwa na wakuu maadamu ilitoa lengalenga, matembele na sombe, kwa sababu ilipunguza gharama ya posho na kumtuliza mke wa mfanyakazi. Sheria, kwa upande wake, ilikuwa imekwisha kuukataza mmea wetu. Mkataba wa kimataifa wa afyuni uliotiwa saini Geneva mwezi Februari 1925 uliingiza bangi katika orodha ya vitu vya kudhibitiwa, hasa kwa msukumo wa Misri, na nyuma yake palikuwa na barua ya Afrika Kusini ya mwaka 1923. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1961 ulikaza uzi. Katika Kongo kilimo chake bado ni kosa la jinai hadi leo. Hivyo bustani ile ile iliyosifiwa na afisa wa ustawi iliweza kuwa ushahidi mbele ya polisi, kwa sababu ya mche mmoja uliosimama katikati ya mahindi.

Lakini kwa nini uani? Jibu la haraka ni kujificha, nalo ni kweli nusu tu. Mtaalamu wa mimea wa Kirusi Nikolai Vavilov aliona katika miaka ya 1920 kwamba bangi ni mmea unaomfuata mtu. Humea wenyewe penye majalala, mazizi na mahame, kwa kuwa hupenda udongo wenye nitrojeni nyingi, yaani udongo ulioliwa, ukatemewa na kukojolewa. Vavilov alifikiri kwamba mmea huo haukuchaguliwa na mkulima: ulikuja mlangoni wenyewe, na mkulima akaukubali. Tukiichukua hoja hii, mahali pake pa asili ni nyuma ya jiko, ambako mama humwaga majivu, maganda na maji ya vyombo. Marufuku haikuuleta uani. Iliukuta huko.

Na udongo wa nje ya lupango katika nchi hii si udongo wa kujivunia. Uwanda wa Katanga umefunikwa na udongo mwekundu uliochakaa kwa mvua za maelfu ya miaka, wenye uchachu na uhaba wa fosforasi. Wakulima wa miombo walikuwa na ufundi wao wa kuushinda. Ule maarufu zaidi ni chitemene, ambao Audrey Richards aliueleza kwa Wabemba katika kitabu chake cha 1939 na ambao ulijulikana pia upande wa Katanga: matawi hukatwa katika eneo kubwa, hurundikwa katika eneo dogo na kuchomwa, na shamba hupandwa juu ya majivu. Majivu huondoa uchachu na kuleta kalisi na potasi. Kwa maneno mengine, rutuba ya pori zima hukusanywa mahali pamoja.

Ufundi wa pili, ambao mimi naona haujapewa haki yake, ni kichuguu. Mtu aliyesafiri kati ya Lubumbashi na Kolwezi amekwisha kuviona: vilima vya mchwa vyenye urefu wa mita kadhaa, vingine hadi mita 8, vimesimama porini kama makaburi ya wafalme. Mchwa hao, Macrotermes falciger, hupandisha udongo wa mfinyanzi kutoka chini, na ndani ya kilima chokaa hujikusanya karne baada ya karne. Vipimo vya karibuni vimeonyesha kwamba vilima vingine karibu na Lubumbashi vina umri wa zaidi ya miaka 2000. Udongo wake hauna uchachu wa uwanda, na una kalisi, magnesi na potasi kwa wingi. Wakulima wamepanda juu yake au wameuchimba na kuutawanya shambani. Kwa bahati mbaya udongo huo huo ndio ufaao kwa matofali, na mji wenye kujengwa una njaa kubwa kuliko bustani. Vichuguu vya pembezoni mwa miji ya shaba vimegeuka kuta.

Majivu, kichuguu, samadi, mboji ya jaa: hivi ndivyo viboreshaji vya udongo ambavyo lupango ilivitumia kwa kila kitu, kuanzia nyanya hadi diamba. Inapendeza kulinganisha na yanayotendeka kwingine. Katika nchi zilizoruhusu mtu kupanda miche michache nyumbani, kama Afrika Kusini kwa hukumu ya Mahakama ya Katiba ya Septemba 2018, au Ujerumani kwa sheria iliyoanza Aprili 2024, imezuka biashara kubwa ya kuuza mbolea ya minyoo, unga wa mifupa, dondoo za mwani, asidi za mboji na kuvu wanaoishi na mizizi. Umoja wa Ulaya, katika kanuni yake ya mwaka 2019, umevipa vichangamsho vya mimea fungu lao wenyewe, mbali na mbolea, kwa hoja kwamba havilishi mmea bali huusaidia kujilisha. Mkulima wa Ulaya ananunua katika chupa jambo ambalo kimsingi ni jaa lililochujwa. Sisemi kwamba chupa ni sawa na jaa. Sayansi ya kuvu na ya mwani ina vipimo vyake. Nasema kwamba wazo la kuulea udongo ili udongo uulee mmea halikuanzia dukani. Watafiti wa kilimo wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wenyewe wamerudi kwenye njia hii. Wamepima majani ya Tithonia, lile ua la manjano la kando ya barabara, kuwa mbolea ya kijani kwa udongo mwekundu.

Tofauti kubwa haimo katika ufundi. Imo katika kile kilichomo udongoni kabla ya mkulima kuugusa. Vilima vya shaba vya Katanga vina mimea yake maalumu, ambayo Paul Duvigneaud aliieleza kwa upana mwaka 1958. Mmoja wao, Haumaniastrum katangense, unaoitwa ua la shaba, huota hata penye takataka za tanuri za kale, kiasi kwamba wanaakiolojia wameutumia kutambua mahali wayeyushaji wa zamani walipofanya kazi. Mimea hiyo ni mashahidi wa ugumu: palipo na shaba na kobalti nyingi, mimea ya kawaida hufa au hudumaa. Karne moja ya migodi, mitambo na mabwawa ya tope imeutawanya udongo huo nje ya vilima, ukaingia hewani, mitoni na malupango.

Mwaka 2009 Célestin Banza Lubaba Nkulu na wenzake walichapisha vipimo vya mkojo wa watu wanaokaa karibu na migodi ya Katanga. Viwango vya kobalti vilikuwa vikubwa kuliko vyote vilivyokuwa vimeripotiwa hadi hapo kwa watu wasiofanya kazi za madini. Uchunguzi uliofuata, wa mwaka 2014, ulitafuta njia inayopitwa na kobalti hadi mwilini, na ukaiona katika chakula kilicholimwa hapo hapo na katika vumbi, hasa kwa watoto. Mboga za majani zilitajwa. Bustani ambayo kampuni iliisifu kwa sababu ya afya ilikuwa imegeuka mojawapo ya milango ya ugonjwa.

Bangi imo katika hesabu hii kwa namna yake. Majaribio ya Ulaya na kwingineko yameonyesha kwamba mmea huu ni hodari wa kunyonya metali kutoka udongoni, kiasi kwamba aina yake ya nyuzi imejaribiwa kusafishia ardhi iliyochafuliwa. Sifa hiyo njema ni hatari kwa yule atakayeuvuta. Huko California, ambako bangi huuzwa kwa leseni, sheria inadai ipimwe metali nne: aseniki, kadimi, risasi na zebaki. Kobalti haimo. Orodha ile imeandikwa kwa ajili ya udongo wa watu wengine. Na mahali ambapo mmea ni kosa la jinai hauna kipimo chochote, hivyo sheria inayodai kumlinda mvutaji humwacha bila kujua alichokivuta zaidi ya jani lenyewe.

Je, viboreshaji vya udongo vyaweza kusaidia? Kwa kiasi. Mylor Ngoy Shutcha na wenzake, katika kazi yao ya mwaka 2010, walijaribu nyasi tatu za asili katika udongo wa Katanga uliochafuliwa kwa shaba, pamoja na viboreshaji viwili, chokaa na mboji. Kanuni ya kazi hiyo ni kwamba chokaa hupunguza uchachu na mboji huishika metali, hata isipatikane kwa urahisi mizizini. Metali haiondoki. Imefungwa tu, na kamba yake yahitaji kukazwa tena baada ya miaka, maana mvua hurudisha uchachu na mboji huoza. Jivu la jikoni na udongo wa kichuguu vina kalisi, na kwa hoja hiyo hiyo vyaweza kufanya sehemu ya kazi ya chokaa. Lakini mboji iliyotengenezwa kwa majani ya mahali palipochafuliwa hurudisha bustanini kile kile kilichokuwa kikikimbiwa. Mzunguko wa jaa, ambao kwa karne nyingi ulikuwa ndio hekima ya lupango, hapa unazungusha na sumu.

Katika mtaa wa Kasulo, ndani ya Kolwezi, mambo yamekwenda mbali zaidi. Mwaka 2014 iligunduliwa kwamba chini ya nyumba kuna madini ya kobalti, na wakazi wakaanza kuchimba uani, jikoni na hata vyumbani. Mwaka 2018 Banza Lubaba Nkulu na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wao wa mtaa huo: vumbi la nyumbani lilikuwa na kobalti nyingi, na watoto walikuwa na viwango vya juu katika mkojo na damu kuliko wale wa mtaa wa jirani usiochimbwa. Tayari mwaka 2017 sehemu ya mtaa ilikuwa imezungushiwa ukuta, familia zikahamishwa, na nyumba zikabomolewa ili uchimbaji uendelee chini ya usimamizi. Udongo wa juu, ule uliotiwa majivu na maganda tangu mtaa ulipojengwa, ulitupwa kwanza, kwa kuwa haukuwa na bei. Uliozolewa kwa magunia na kupelekwa kwa wanunuzi ni ule wa chini.